Mkopeshaji ana leseni, mshauri wa mdaiwa hana chochote: barua ya wazi kutoka Tanga

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania,
Kwa Waziri wa Katiba na Sheria, pamoja na Msajili wa Msaada wa Kisheria,
Kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga na Mkurugenzi wa Jiji la Tanga.

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Tanga. Naandika nikiwa msaidizi wa kisheria, makazi yangu Ngamiani. Miaka ya nyuma meza yetu ilikuwa ya mirathi, mipaka ya viwanja na matunzo ya watoto. Mambo hayo hayajaisha, lakini siku hizi anayevuta kiti mbele yangu mara nyingi kashika bahasha ya karatasi za mikopo na simu aliyoizima mlio. Haji kuuliza kama anadaiwa, hilo analijua. Anauliza aanze kumlipa nani.

Swali hilo ndilo lililonifanya niwaandikie. Jibu lake lina sheria, lina hesabu, na lina hatari: ukimjibu vibaya, anapoteza kitanda leo au nyumba kesho. Na katika nchi yetu mtu yeyote anaweza kulijibu, akalipwa, akaenda zake.

Nitangulize pongezi panapostahili, maana barua nyingi za wazi huanza kwa kelele na msomaji akaiweka chini hapo hapo. Upande wa wakopeshaji kazi imefanyika. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwapanga watoa huduma katika madaraja manne: benki na benki ndogo zinazopokea amana, kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo (SACCOS), na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Mwaka 2019 zikafuata kanuni zake, na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Daraja la pili likawekewa ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Leo ukimuuliza mkopeshaji leseni yake iko wapi, unauliza jambo lenye mguu wa kusimamia.

Sasa tazameni upande wa aliyekopa. Mkopo ukishamshinda anakwenda kwa nani? Anakwenda kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa shehe wake au paroko, kwa mwekahazina wa kikoba, kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata aliyeajiriwa kwa kazi nyingine kumi. Wote hao wana nia njema, na baadhi wana busara kuliko wanasheria. Halafu yuko huyu mwingine, ambaye jina analojipa ni "mshauri wa mikopo". Hana ofisi, ana simu mbili. Anajua kampuni gani wiki hii inatoa haraka, afisa mikopo yupi haulizi maswali. Anatoza ada kwa mdaiwa, na kwa mkopeshaji mpya anapewa chake. Ushauri wake ni mmoja kwa wote: kopa kule ulipe huku.

Mama mmoja anayenunua dagaa pale Sahare, akachemsha, akaanika na kuuza kwa gunia, alifika kwetu akiwa na mikopo mitano. Mmoja wa kampuni yenye leseni, marejesho ya wiki. Miwili ya kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kali, marejesho ya kila siku. Mmoja wa simu. Mmoja wa kikoba. Ule wa tano kwa tarehe, na mkubwa kuliko yote, aliuchukua kwa ushauri aliolipia, ili azibe mingine minne. Haikuzibwa. Ilizibwa miwili nusu nusu, fedha iliyobaki ikaliwa na fomu, ada na marejesho ya siku za mwanzo.

Mtu aliyefundishwa kazi hii angeanza na jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: unapata lini? Dagaa huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu boti za taa hazina kazi, na mama huyu ana siku kadhaa kila mwezi ambazo haingizi shilingi. Marejesho yake ya kila siku yalipangwa kana kwamba mwezi haupo. Kila mbalamwezi alikuwa anakopa ili alipe, na kila mkopo mpya ulikuwa ghali kuliko uliotangulia. Kosa lilikuwa kwenye kalenda kabla hata ya riba, na lingeweza kuonekana kwa mazungumzo ya nusu saa na karatasi moja yenye mistari: kinachoingia, kinacholiwa, kinachobaki, nani anadai nini na ana mamlaka gani ya kuchukua nini.

Hapo kwenye mamlaka ndipo hatari kubwa ilipo. Nitakaa kidogo.

Watu wanaambiwa mitaani kwamba asiyelipa atafungwa. Wengine wanaambiwa hakuna anayefungwa kwa deni, tulia nyumbani. Kauli zote mbili zimewaumiza watu ninaowajua. Deni la mkopo ni madai, si jinai, na polisi hawakuwekwa kukusanya marejesho ya mtu. Lakini sheria yetu ya madai inacho kifungo cha madai, baada ya hukumu na kwa amri ya mahakama. Kwa hiyo anayetupa hati ya wito kwa sababu jirani alimwambia "madai hayafungi" anajitafutia hukumu ya upande mmoja, na baada ya hapo mlango ni mwembamba. Mshauri mwenye mafunzo anajua tofauti ya barua ya afisa mikopo yenye muhuri mkubwa na hati ya wito ya Mahakama ya Mwanzo. Asiyejua anaziweka bahasha moja.

Au chukueni suala la vyombo. Vijana wanakuja na kirikuu, wanabeba godoro, jiko la gesi, sufuria, cherehani. Hakuna dalali wa mahakama, hakuna amri, ipo fomu tu ambayo mama alisaini akidhani anaandika jina la mdhamini. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaviweka nje ya kukamatwa, hata pale mahakama yenyewe inapokazia hukumu, mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za fundi. Yaani kisichoweza kuchukuliwa kwa amri ya hakimu kinachukuliwa mchana kweupe kwa amri ya kijana mwenye daftari. Wanaobebewa vyombo ni wengi. Wanaojua mstari huo wa sheria, wakiwemo wanaowashauri, ni wachache mno.

Kuna mengine ya namna hiyo ambayo mshauri hapaswi kuyakisia. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imelisema hilo, na bado tunaona mikataba yenye saini moja. Mtumishi wa umma hatakiwi kukatwa mshahara hadi akabaki na chini ya theluthi moja. Lakini mwalimu akishamkabidhi mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri, theluthi hiyo inabaki kwenye hati ya mshahara tu, maana fedha yote inatolewa na mwingine tarehe ya mshahara alfajiri. Programu ya simu inayowatumia ndugu, shemeji na wateja wa mdaiwa ujumbe wa kumwaibisha inakutana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Na swali la kama mkopo wa asiye na leseni unadaiwa mahakamani si la kumalizwa barazani kwa kahawa, ingawa kila jioni nalisikia likimalizwa.

Hesabu nayo. Mkopo wa shilingi 500,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Ikipigwa juu ya mkopo wote mwanzo hadi mwisho, riba ni 105,000. Ikipigwa juu ya salio linalopungua, huku mkopaji akirudisha mtaji sawasawa kila mwezi, ni 61,250. Karatasi zote mbili zitaandikwa "3.5%", na tofauti ni shilingi 43,750, fedha ambayo kwa familia nyingi za hapa ni unga wa muda mrefu. Ukishuka kwenye kausha damu mambo yanakuwa ya ajabu zaidi: tuseme umechukua 100,000, fomu ya 10,000 imekatwa palepale, unarejesha 4,500 kila siku kwa siku 30. Umepokea 90,000, umelipa 135,000. Gharama yake ni nusu ya ulichopokea, kwa mwezi mmoja. Mshauri asiyeweza kuandika hesabu hizi mbele ya mteja kwa kalamu asikalie kiti hicho, awe na cheti cha rangi gani.

Hapa Tanga tunao mfano wa kukopa kwa staha. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya jiji letu iliuza hatifungani ya kijani (hati ya kukopa fedha za miradi inayojali mazingira), shilingi bilioni 53.12, muda wa miaka 10, riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, ulihitajika waraka wa matarajio ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na washauri wa kazi ya namna hiyo wana leseni zao. Taasisi yenye wahasibu na wanasheria wake, ikikopa kwa asilimia 13.5 kwa mwaka, inazungukwa na washauri wenye sifa. Muuza dagaa anayetumia maji ya mamlaka hiyo hiyo, akikopa kwa asilimia 42 kwa mwaka pale ambapo mkopeshaji ametii ukomo wa Benki Kuu, na mbali zaidi ya hapo akiangukia kausha damu, anashauriwa na mtu wa simu mbili. Siwaonei wivu watu wa maji, kazi yao nzuri na mabomba tunayaona. Nauliza tu kwa nini uangalifu uongezeke kadiri mkopaji anavyokuwa na uwezo wa kujiangalia mwenyewe.

Mtaniambia elimu ya fedha inatolewa. Kweli, watu wa Wizara ya Fedha wamezunguka mikoani, filamu zimeonyeshwa, vipeperushi vimegawiwa, na vina maneno mazuri: soma mkataba kabla ya kusaini. Aliyekuja kwangu ameshasaini. Elimu kwa umma ni ya watu mia uwanjani na haimjui mtu yeyote kwa jina. Ushauri wa madeni ni wa mtu mmoja, karatasi zake, mume wake ambaye hajaambiwa, na tarehe ya kesho. Zote zinahitajika, lakini ya kwanza isihesabiwe kuwa ni ya pili.

Wenzetu wamelifanyia kazi jambo hili, na si matajiri peke yao. Afrika Kusini, kwa Sheria yao ya Mikopo ya mwaka 2005, mshauri wa madeni lazima asajiliwe na mdhibiti wa mikopo wa taifa, na hasajiliwi bila elimu na kozi iliyoidhinishwa. Tangu Juni 2007 mdaiwa aliyezidiwa anaweza kuomba mapitio ya madeni yake kupitia mshauri huyo. Mshauri ana siku tano za kazi za kuwajulisha wakopeshaji wote, kisha anapanga mpango wa malipo unaopelekwa mahakamani. Wananchi wa huko nao wana malalamiko yao, hasa ada na watu kukwama ndani ya mapitio kwa miaka. Hilo ni somo kwetu pia: usajili bila kuangalia kazi yenyewe unazaa ofisi mpya za kutoza.

Uingereza walikwenda kwa njia yao. Tangu Aprili 2014 ushauri wa madeni uko chini ya mamlaka inayosimamia mwenendo wa kampuni za fedha, na taasisi za hisani zinazotoa ushauri bure hufuata viwango vya ubora vinavyotazama taasisi na mtu mmoja mmoja. Tangu Mei 2021, kwa England na Wales, mdaiwa anaweza kupewa siku 60 za kupumua, ambazo ndani yake wakopeshaji wengi hawaruhusiwi kumfuata wala kuongeza riba na faini. Siku hizo haziombwi kwa mkopeshaji. Zinapitia kwa mshauri wa madeni, naye ndiye anayethibitisha kwamba mtu anastahili. Ukimpa mshauri funguo ya namna hiyo huwezi kuacha kuuliza amefundishwa wapi. Na gharama ya ushauri wa bure inatoka kwa sehemu kubwa kwenye tozo wanayolipa wenye biashara ya fedha.

Nilichokipenda zaidi ni cha Scotland. Viwango vyao havimchukulii kila mshauri kuwa ni sawa. Wamegawa kazi katika aina tatu: anayetoa taarifa na kumwelekeza mtu pa kwenda, anayechukua shauri lenyewe, akaandika barua na kujadiliana na mkopeshaji, na anayemwakilisha mtu mbele ya vyombo vya maamuzi. Kila aina ina ujuzi wake, na kila mmoja anapaswa kujua wapi kazi yake inaishia. Mgawanyo huo unaingia kwetu bila kulazimishwa. Mjumbe, shehe, paroko na mwekahazina wa kikoba tayari ni wa aina ya kwanza. Msaidizi wa kisheria na afisa maendeleo ya jamii wangekuwa wa pili. Wakili ni wa tatu. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika mipaka hiyo na kufundisha watu ndani yake.

Na msiseme haiwezekani kufundisha watu wa mtaani kazi yenye madhara. Tumeshafanya. Mwaka 2003 mkoa wa Ruvuma ulianza maduka ya dawa muhimu. Kabla yake maduka ya dawa baridi yalikuwa yanauza kila kitu kwa kila mtu, muuzaji hajui dozi wala dalili za hatari. Serikali haikuyafunga yote ikasubiri wafamasia wafike vijijini. Iliweka viwango, ikawapa wauzaji kozi ya wiki chache, ikatengeneza orodha ya wanachoruhusiwa kuuza na wasichoruhusiwa, ikakagua. Mpango huo ukaenea nchi nzima. Nikiingia duka la namna hiyo Makorora, najua yule binti nyuma ya kaunta kapita darasani, na najua kuna dawa atakazokataa kuniuzia akaniambia niende hospitali ya Bombo. Ushauri wa madeni unataka mtu wa aina hiyo, mwenye uwezo wa kusema "hili limenizidi, nenda kwa fulani".

Sheria ya kuanzia nayo ipo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria, inataka tufundishwe kwa mtaala uliokubaliwa na tufanye kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa, na huduma yetu ni ya bure. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, imefikisha wanasheria mahali ambapo wakili haonekani. Kwa hiyo siombi chombo kipya chenye mkurugenzi na magari. Naomba madeni yaingizwe humo kwa uzito wake, kwa moduli ya mafunzo inayojitegemea, yenye mtihani, na jina la aliyefaulu liandikwe kwenye daftari la Msajili.

Mafunzo hayo yafanyike wapi? Mkoa wetu una Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, ambacho kimelea makarani na mahakimu wengi wa nchi hii. Benki Kuu ina chuo chake Mwanza. Lushoto waandike sehemu ya sheria na mahakama, Mwanza waandike sehemu ya hesabu na kanuni za mikopo, na wote wawili wapitishe wiki kadhaa Ngamiani, Sahare na Kange kabla ya kuandika mstari mmoja, ili wajue boti za taa hazitoki lini na bodaboda wa mkataba anapeleka hesabu kwa bosi saa ngapi. Mtaala uwe wa Kiswahili tangu kuzaliwa. Ukiandikwa kwa Kiingereza ukatafsiriwa baadaye, tutapata kitabu kisichojua "marejesho" ni nini.

Nina ombi la pembeni, na naliomba kwa heshima zote: isiwe semina ya siku mbili. Tunazijua. Fulana, chai ya saa nne, picha ya pamoja, cheti chenye nembo sita. Watu wanarudi na cheti, wanakitundika, na mteja anayekiona anaamini. Cheti kwa asiyeiva ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kinamwondolea mteja wasiwasi aliokuwa nao kwa haki. Mwanafunzi akae chini ya mshauri mzoefu, ashike mashauri ya kweli huku anaangaliwa, na hata baada ya kuhitimu mafaili yake yafunguliwe mara kwa mara na mtu asiyemjua. Aangaliwe alichoandika: je, aliorodhesha madeni yote au yale aliyotajiwa tu? Aliuliza kuhusu kodi ya nyumba, ada ya mtoto na dawa za mzee kabla ya kumwahidi mkopeshaji kiasi? Alimweleza mteja njia zote, hata ile ya kulipa deni kama lilivyo kwa sababu mkataba ni halali na uwezo upo? Faili halidanganyi kama cheti.

Siri ni jambo ambalo Tanga hatuwezi kulipita. Mitaa yetu ya Ngamiani imepangwa kwa namba, barabara ya kwanza hadi ya ishirini na moja, na habari inazimaliza zote kabla ya magharibi. Mwanamke anayedaiwa haogopi deni tu. Anaogopa kuonekana ameingia ofisi ya wanaodaiwa. Nimeona watu wakihama mji usiku kwa deni ambalo lingepangwa likalipika, kwa sababu waliona aibu ya siku moja ni ndefu kuliko safari ya maisha. Kwa hiyo kiwango kiseme wazi: mshauri anayetoa siri ya mteja anafutwa. Chumba kiwe na mlango. Na mshauri afundishwe kusikia pale mtu anapozungumza kama aliyekata tamaa ya kuishi, ajue ampeleke wapi siku hiyo hiyo. Wapo wanaofika hapo.

Jambo la kukataza moja kwa moja ni ujira wa pande mbili. Asiruhusiwe kujiita mshauri wa madeni mtu anayelipwa na mkopeshaji kwa kila mteja anayempeleka. Akitaka kuwa wakala, awe wakala, atambulike hivyo na mkopeshaji wake awajibike kwa matendo yake kwa Benki Kuu. Orodha ya washauri waliosajiliwa ibandikwe kwenye ofisi ya kila kata, na picha zao, kama yanavyobandikwa majina ya wapiga kura.

Najua wakopeshaji watasema mnawafundisha watu kutolipa. Sina ugomvi na mkopeshaji mwenye leseni. Mkopeshaji wa kweli anataka fedha yake irudi, na ratiba inayolipika inairudisha kuliko godoro lililobebwa, ambalo sokoni halifiki hata robo ya deni. Isitoshe, mshauri mzuri huwaambia watu maneno ambayo afisa mikopo hawezi kuwaambia: kwamba mkopo wa biashara ulinunua sare za harusi, na hapo hakuna mwingine wa kulaumiwa. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mshauri hawezi kuyaondoa matanga, ila anaweza kuyapanga.

Nakiri pia kwamba zana zetu ni chache. Sheria ya Ufilisi ipo, lakini mlango wake ni Mahakama Kuu, na muuza dagaa haendi kuomba ufilisi Mahakama Kuu. Hatuna siku 60 za kupumua, hatuna mapitio ya madeni. Mshauri wa hapa ana kalamu, simu, na sheria zilizotawanyika sehemu kumi. Kwa sababu hiyo hasa ubora wake una uzito: hana utaratibu wa kisheria wa kumbeba akikosea. Bunge likija kuweka utaratibu huo siku moja, na ningependa liuweke, litahitaji watu wa kuuendesha, na watu hawafundishwi kwa wiki.

Fedha za kuanzia zisitoke mfukoni kwa mdaiwa hata kidogo. Mkopeshaji wa daraja la pili analipia leseni; sehemu ndogo ya tozo za wenye leseni itengwe kwa kazi hii. Na Jiji, ambalo kwa sheria linatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, liweke mshauri aliyesajiliwa mezani kabla kikundi hakijasaini. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Utaratibu huo ulitazama fedha zitoke vipi. Uongezewe mtu wa kutazama zitarudi vipi, na wanakikundi wanadaiwa wapi kwingine, maana tunao wanaochukua mkopo wa Jiji asubuhi ukamalizia kausha damu jioni.

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa na Mkurugenzi wa Jiji, hili halihitaji kusubiri Dodoma. Kata za Ngamiani Kaskazini, Kati na Kusini, pamoja na wauza samaki wa Sahare na Deep Sea, zinatosha kwa majaribio ya mwaka mmoja. Tuko wasaidizi wa kisheria, maafisa maendeleo ya jamii wapo, Lushoto ni mwendo wa saa chache. Kwa Gavana na kwa Msajili, tunaomba rasimu ya viwango, hata kama ni ya kurasa tano, iletwe kwa wadaiwa wenyewe waisome na kuikosoa kabla haijapigwa muhuri. Mkutano wake uwe mchana, baada ya soko la samaki kufungwa, na usiangukie Ijumaa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Ngamiani, Tanga